Pawa saplai ya mtoto inakufa ikipewa mzigo? Msikimbilie kununua vipuri vipya

Mita inasoma volti 12. Kijana anatabasamu, maana wiki tatu za kukusanya vipuri, kulehemu nyaya na kutazama video za mafundi zimezaa matunda. Anaunganisha mota ndogo ya feni. Mota inajikongoja, mita inashuka mpaka volti 7, kisha kila kitu kinanyamaza. Akiitoa mota, volti 12 zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Katika nyumba zenye mtoto anayependa elektroniki, hali hii si ngeni. Wanafunzi wa sekondari wanatengeneza vifaa vya maonyesho ya sayansi, na karibu kila mmoja hufikia mahali anahitaji pawa saplai ya kubadilisha volti, yaani kifaa cha kutoa umeme wa DC ambao mtumiaji anaupandisha na kuushusha kwa kuzungusha kitufe. Wengi hukitengeneza wenyewe kwa vipuri vya Kariakoo au vilivyong'olewa kwenye redio mbovu.

Kifaa kikigoma, mambo mawili hufuata. La kwanza ni fedha: mtoto anaomba kipuri kipya, kinafungwa, tatizo linabaki palepale, anaomba kingine. La pili ni kubwa zaidi. Mtoto aliyekata tamaa hufungua boksi saa nne usiku, plagi ikiwa bado ukutani, akisema anagusa kidogo tu. Hapo ndipo mchezo wa sayansi unapogeuka msiba.

Habari njema ni kwamba ubovu wa aina hii una mpangilio. Mzazi ambaye hajawahi kushika waya anaweza kumsaidia mwanawe kuupata, kwa sababu kinachohitajika zaidi ni daftari, subira na mtu wa kusimamia swichi.

MITA HAIDANGANYI

Fikiria bomba la maji la nyumbani. Koki zote zikiwa zimefungwa, presha iko juu hata kama bomba linaloleta maji kutoka mtaani ni jembamba kama kalamu. Fungua koki moja jikoni na nyingine bafuni, maji yanaanza kudondoka kama machozi. Presha uliyoiona mwanzo ilikuwa kweli, ila haikukuambia bomba lina uwezo wa kupitisha maji kiasi gani.

Volti ni kama presha, na ampea ni kama wingi wa maji yanayopita. Mita ikiwekwa peke yake haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo kifaa dhaifu na kifaa imara vyote vitaonyesha volti 12. Tofauti hujitokeza pale kifaa kinapopewa kazi. Hii ndiyo sababu mafundi hawaridhiki na kipimo cha pawa saplai isiyo na mzigo.

Pawa saplai nyingi za wanafunzi zina sehemu nne. Transfoma huteremsha umeme wa ukutani, ambao kwa Tanzania ni volti 230, hadi volti 12 au 18 za AC. Dayodi nne zinaugeuza uende upande mmoja. Kapasita kubwa, mfano wa ndoo, inahifadhi umeme na kujaza mabonde. Mwisho kabisa ni regulata, ambayo mara nyingi ni LM317, kipuri cha miguu mitatu kilichobuniwa katika kampuni ya Marekani ya National Semiconductor miaka ya 1970 na kinachouzwa hadi leo. Hutoa volti kuanzia 1.25 hadi 37, na mkondo wa takriban ampea 1.5 kikiwa kimepozwa vizuri. Volti hubadilishwa kwa rezista ya kuzungusha, ambayo mafundi wengi huiita volyumu.

Mzigo unapowekwa, moja ya sehemu hizo, au waya unaoziunganisha, inashindwa kazi. Swali ni ipi.

KABLA YA KUPIMA, FUNGA UPANDE WA UKUTANI

Hapa mzazi asilegeze kamba. Sehemu yote yenye volti 230, kuanzia plagi hadi nyaya za kuingilia za transfoma, iwe ndani ya boksi lililofungwa kwa skrubu. Waya wa umeme ubanwe mahali unapoingia ili ukivutwa usichomoke. Kuwe na fyuzi ndogo ya kifaa chenyewe. Kwa transfoma ndogo za wanafunzi, fyuzi isizidi nusu ampea. Ile ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi ni kubwa mno kuilinda transfoma ndogo, na inaweza kuiacha iungue kabla yenyewe haijakatika. Kama boksi ni la bati, waya wa athi uunganishwe nalo.

Kazi hiyo ya upande wa ukutani ifanywe au ikaguliwe na fundi umeme. Vipimo vyote vinavyofuata katika makala haya ni vya upande wa volti ndogo, baada ya transfoma. Mtoto hana sababu ya kupima upande wa pili.

Kwa watoto wadogo au wanaoanza, kuna njia salama zaidi: kuachana na transfoma kabisa na kutumia chaja nzima ya kompyuta mpakato, ambayo nyingi hutoa volti 19 za DC. Mtoto anajenga sehemu ya regulata tu, na umeme wa ukutani unabaki ndani ya chaja iliyofungwa kiwandani. Anajifunza yaleyale, hatari ikiwa imepungua sana. Anayetumia betri ya sola asisahau fyuzi kwenye waya wa betri, maana betri ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya na kuwasha moto kwa sekunde chache.

Jambo moja likataliwe moja kwa moja: kufungua pawa saplai ya kompyuta ya mezani. Ndani yake kuna kapasita zenye volti zaidi ya 300, na zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa.

CHAGUA MZIGO UNAOJULIKANA

Kosa la kwanza katika kutafuta ubovu ni kujaribu na mota. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya. Pawa saplai nzima isiyo na ubovu inaweza kuonekana mbovu kwa sababu hiyo tu.

Balbu nayo ina ujanja wake. Taa ya breki ya gari ya volti 12 na wati 21 huvuta karibu ampea 1.75, ambazo tayari zimepita uwezo wa LM317. Tena balbu ikiwa baridi huvuta mara nyingi zaidi ya hapo kwa kitambo kidogo kabla waya wake haujawaka. Regulata huona kama shoti na kujifunga ili isiungue. Mtoto akisema regulata mbovu, kumbe inajilinda.

Kinachofaa zaidi ni rezista nyeupe ya saruji ya ohm 10 na wati 10. Volti zikiwa 5, huvuta nusu ampea. Zikiwa 10, huvuta ampea 1 kamili na kuchemka sana, kwa hiyo iwekwe juu ya kigae au kipande cha tofali, mbali na karatasi na pazia, na isiguswe. Kwa kuanzia, nusu ampea inatosha.

PIMA SEHEMU TATU, MARA MBILI

Chukua daftari. Chora jedwali lenye mistari mitatu: nyaya za kutokea za transfoma, miguu ya kapasita kubwa, na matundu ya kutokea ya kifaa. Kila sehemu ipimwe mara mbili, kwanza bila mzigo, kisha mzigo ukiwa umeunganishwa. Jumla ni namba sita.

Sehemu ya kwanza ipimwe mita ikiwa kwenye volti za AC, nyingine mbili kwenye volti za DC. Kila mara plagi ichomolewe kwanza, nyaya za mita zibanwe kwa klipu, mikono iondoke, ndipo swichi iwashwe. Kazi ya kuwasha na kuzima ni ya mzazi peke yake.

Namba hizo sita zikiandikwa, ubovu unaanza kujitaja wenyewe.

Kama volti za transfoma zimeshuka sana, kwa mfano kutoka 13.5 hadi 10, basi transfoma ni ndogo kuliko kazi. Wengi hunaswa hapa. Transfoma iliyoandikwa volti 12, miliampea 500, haitoi miliampea 500 za DC kwa muda mrefu. Ikiunganishwa na dayodi nne na kapasita, huvutwa kwa mishtuko mifupi mikali, na mkondo salama wa DC hubaki kama asilimia 60 tu, yaani miliampea 300 hivi. Ikilazimishwa, inachemka na volti zinaanguka. Dawa ni transfoma kubwa zaidi au mzigo mdogo zaidi. Kubadilisha regulata hapa ni kupoteza fedha.

Kama transfoma imesimama lakini volti za kapasita zimeanguka, angalia kapasita na dayodi. Kapasita ya zamani iliyotolewa kwenye redio huenda imekauka. Dayodi moja ikifa au ikiwa imelehemewa vibaya, kapasita hujazwa nusu ya mara inazostahili. Dalili mojawapo ni redio au spika inayounguruma ikiunganishwa na kifaa hicho.

Kama volti za kapasita zimebaki juu, lakini kwenye matundu ya kutokea zimeshuka, tatizo liko kwenye regulata, joto lake au nyaya zinazoizunguka.

Na kama kwenye matundu ziko sawa, ila kwenye mota zimepungua, basi mwizi ni waya. Nyaya nyembamba zenye vibanio vya meno zinazouzwa kwa mafungu zinaweza kuwa na ukinzani wa nusu ohm. Kwa ampea 1, hiyo ni nusu volti iliyopotea njiani. Vishimo vya bodi ya majaribio isiyolehemewa navyo huchoka na kushika kwa kulegea.

HESABU AMBAYO WENGI HUIRUKA

Kuna hali moja ambapo kila kipuri ni kizima na bado kifaa kinaanguka. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo inayowatoa machozi, maana wamefuata mchoro vizuri.

Chukua transfoma ya volti 12. Umeme wa AC una kilele ambacho ni mara 1.41 ya namba iliyoandikwa, yaani karibu volti 17. Dayodi mbili zilizo njiani hula karibu volti 1.4. Kapasita hujazwa hadi volti 15.5 hivi. Mtoto anaona ni nyingi, anaweka kifaa chake volti 12 na kutulia.

Lakini umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na dayodi nne huijaza kapasita mara 100 kwa sekunde. Kati ya kujazwa mara moja na mara nyingine, kapasita ndiyo inayoulisha mzigo peke yake, na volti zake zinashuka. Makadirio yake ni rahisi: kwa kila mikrofaradi 1,000, mzigo wa nusu ampea hushusha karibu volti 5. Kutoka 15.5, kapasita inafika 10.5 kabla ya kujazwa tena.

LM317 nayo ina masharti. Ili ifanye kazi, inataka kuingiziwa volti mbili hadi tatu zaidi ya zile inazotoa. Anayetaka volti 9 anahitaji karibu 11.5 wakati wote, hata pale chini kabisa ya bonde. Kwa kapasita ya mikrofaradi 1,000 hazipo. Akiweka ya 2,200, kushuka kunapungua hadi volti 2.3 hivi na bonde linabaki kwenye 13. Volti 9 sasa zinasimama imara, lakini 12 bado haziwezekani, maana zinahitaji karibu 14.5. Hata kapasita ya 4,700 inaishia karibu na hapo, ukingoni.

Halafu kuna umeme wenyewe. Jioni majiko na pasi za mtaa mzima zikiwashwa, volti za ukutani zinaweza kupungua. Zikishuka asilimia 10, transfoma ya volti 12 inatoa 10.8, na kilele kwenye kapasita kinakuwa chini ya volti 14. Hapo hakuna kapasita itakayookoa volti 12. Ndiyo maana kifaa kilichofanya kazi asubuhi kinaweza kugoma saa mbili usiku bila mtu kukigusa.

Mita ya kawaida haionyeshi mabonde hayo. Inasoma wastani, kwa hiyo inaweza kuonyesha volti 13 kwenye kapasita wakati bonde liko 10. Kwa hiyo kipimo cha kapasita kikiwa juu ya kile cha kutokea kwa volti tatu au nne tu, mshuku bonde kwanza.

Suluhisho ni mawili: kuridhika na volti 9 kutoka kwenye transfoma ya volti 12, au kutafuta ya volti 15 hadi 18. Ukichukua ya 18, kapasita iwe imeandikwa angalau volti 35. Iliyoandikwa 25 inaweza kupasuka, kwa sababu kilele cha transfoma hiyo kinapita hapo.

JOTO NDILO LINALOSUBIRI

Muda nao unatoa ushahidi. Kifaa kikianguka papo hapo mzigo unapounganishwa, fikiria transfoma, kapasita au mkondo uliozidi. Kikifanya kazi nusu dakika au dakika mbili, kikaanguka, kikapoa na kurudi chenyewe, hilo ni joto.

Regulata ya aina hii hugeuza volti zisizotakiwa kuwa joto. Ikiingiziwa volti 15.5 na kutoa 5, inabakiwa na 10.5. Zidisha kwa nusu ampea, unapata zaidi ya wati 5. LM317 ya kawaida isiyo na bamba la kupozea hupanda karibu nyuzi joto 50 kwa kila wati moja. Ndani ya chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32, wati 2 tu zinaifikisha karibu 130, wakati mwisho wake ni 125. Kwa bahati nzuri ina ulinzi ndani yake: ikichemka kupita kiasi hujizima.

Hapa ndipo watoto huchanganyikiwa. Volti ndogo ndizo zinazochemsha zaidi. Kifaa kinaweza kuvumilia volti 9 vizuri, kikaanguka kwenye volti 3 zenye mkondo uleule. Na ile transfoma ya volti 18 iliyotatua tatizo la bonde inaongeza joto pale mtoto anapotaka volti 5. Hakuna transfoma moja inayofaa kila kazi. Lazima mtoto aamue kifaa chake ni cha kazi gani.

Bamba la alumini lenye mapezi, lililobanwa kwa skrubu na kupakwa gundi nyeupe ya kupitisha joto, ndilo tiba. Ila kuna mtego: kipande cha chuma cha mgongoni mwa LM317 kimeunganishwa na mguu wa kutokea. Bamba likigusa boksi la bati lililounganishwa na waya hasi, hiyo ni shoti. Kiwekwe kipande chembamba cha maika au mpira maalumu katikati, pamoja na kikombe cha plastiki cha kuzuia skrubu isiguse.

Kuna kosa jingine dogo la nyaya. Rezista ya ohm 220 au 240 inayopanga volti inapaswa kushikwa kwenye mguu wa kutokea wa regulata yenyewe. Wengine huilehemu kwenye tundu la nje kwa sababu kuna nafasi. Hapo upotevu mdogo wa waya ulio katikati huzidishwa, na kwa volti za juu unaweza kuzidishwa zaidi ya mara kumi. Kuhamisha ncha moja ya rezista kunaweza kurudisha uhai wa kifaa bila kununua chochote.

Kama baada ya yote hayo mzigo wenyewe unahitaji ampea 3, basi LM317 haikustahili kulaumiwa tangu mwanzo. Kuna ndugu zake wakubwa, LM350 ya ampea 3 na LM338 ya ampea 5, lakini navyo vinahitaji transfoma, dayodi na bamba la kupozea vya kulingana.

AFYA YA ANAYELEHEMU

Waya wa kulehemu unaouzwa madukani mara nyingi una risasi, na aina inayojulikana sana ina takriban asilimia 40 ya madini hayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa kawaida hatari haiko kwenye moshi, iko kwenye vidole. Mtoto asishike waya huo kwa meno, asile karanga mezani anapolehemu, na anawe mikono kwa sabuni akimaliza. Meza ya kulia chakula isitumike kwa kazi hiyo, hasa kama kuna mdogo wake anayetambaa.

Moshi unaoonekana hutoka kwenye ulimbo ulio ndani ya waya. Unakera macho na unaweza kuamsha pumu. Dirisha liwe wazi, feni isukume moshi upande mwingine, na mwenye pumu asisogeze uso juu ya kazi.

Miwani ya kukinga macho si mapambo. Kapasita iliyogeuzwa miguu inaweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande mara tu umeme unapowashwa. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, watu wawili waangalie alama ya hasi.

Regulata na bamba lake visiguswe kwa kidole kupima joto. Chuma chenye nyuzi joto 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Mtoto akiungua, mahali hapo pawekwe chini ya maji safi ya bomba, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga, asali na mafuta ya kupikia visipakwe, wala malengelenge yasitumbuliwe. Barafu nayo haifai.

AKIPIGWA NA UMEME

Mkondo wa miliampea 10 hadi 20 unaweza kuikaza misuli ya mkono kiasi cha mtu kushindwa kuachia waya. Kuzidi hapo, upumuaji na moyo viko hatarini. Balbu ndogo ya wati 5 ya volti 230 inapitisha zaidi ya miliampea 20, kwa hiyo umeme unaoonekana mdogo kwa kifaa si mdogo kwa mwili. Ni vyema nyumba iwe na swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30, na ijaribiwe kwa kitufe chake.

Ukimkuta mtoto ameganda kwenye umeme, usimshike. Zima swichi ya ukutani au ile kuu. Ikishindikana kabisa, simama mahali pakavu na umsukume waya kwa mpini mkavu wa ufagio wa mbao au plastiki. Piga kelele za msaada na upige 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Kama hajibu na hapumui kawaida, anza kukandamiza kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha theluthi moja ya kifua cha mtoto, na usiache mpaka apumue au msaada ufike. Aliyepoteza fahamu, mwenye jeraha la kuungua au anayelalamikia moyo kwenda mbio apelekwe hospitali hata kama anasema amepona. Jeraha dogo la umeme juu ya ngozi linaweza kuficha kubwa ndani.

KAZI YA MZAZI

Mzazi hahitaji kujua LM317 ni nini ili awe na faida. Anahitaji kuweka sheria chache na kuzisimamia bila kuzungushwa: hakuna kufungua boksi plagi ikiwa ukutani, hakuna kazi ya umeme mtoto akiwa peke yake au amechoka, na hakuna kipuri kipya kabla ya namba sita kuandikwa.

Simu ya mtu yeyote isichajiwe kwenye kifaa hicho, hata kikifanya kazi vizuri. Mkono ukigusa kitufe kwa bahati mbaya, volti 5 zinageuka 12 na simu imekwisha.

Mtoto akija na habari kwamba pawa saplai yake sasa inatoa volti 12, mpongeze. Kisha muulize: ikiwa na mzigo wa ampea ngapi, na kwa dakika ngapi? Akijibu kwa namba, mruhusu aendelee. Akijibu kwamba hajapima, mpe daftari, nenda ukakae karibu na swichi.